Jibu la Bibi Harusi

Resti mwenzangu,

Usicheke mwandiko wangu. Kabula alitaka nimtajie maneno yeye aandike, maana binti yangu yuko sekondari sasa na mistari yake imenyooka, lakini nikamwambia hapana, haya ni ya mimi na Restituta, acha yapinde. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne. Yaliyobaki niliyaokota kwenye elimu ya watu wazima pale pale kwenye kiwanda chetu cha nguo, wewe umekaa nyuma yangu unanichoma mgongo na kalamu. Kwa hiyo nitakwenda taratibu. Nina mengi.

La kwanza ni hili: bado unaimba. Kuna waliotaka unyamaze, na hujanyamaza. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Siku tuliyokuzika nikusimulie, maana hukuiona. Kaka yako Deusi alikuja kukuchukua kwa boti akakupeleka kwenu kisiwani Ukerewe, na sisi wanawake wa kikundi cha maigizo cha kiwanda tukafuata na ngoma zetu tumezifunga kwenye kanga. Tulitaka tukuimbie ule wimbo wako wa kuingilia jukwaani, huo mmoja tu, halafu tukae kimya kama watu wengine. Kaka yako akatuita pembeni kwenye migomba akasema, "Msiba siyo mahali pa maigizo." Akasema ndugu wameshasikia vya kutosha kuhusu dada yao na majukwaa, na rangi ya midomo, na sasa huo ugonjwa. Hakufoka. Angefoka ningemjibu. Alisema polepole kama mtu aliyechoka. Ngoma tukazirudisha Mwanza zimefungwa vile vile. Ulizikwa na kwaya isiyokujua, Resti. Waliimba vizuri, sitawasingizia. Lakini mtu mwenye sauti kama yako kwenda chini bila wimbo wake hata mmoja? 

Kiwanda ulikiacha kinachechemea. Sasa wamekiuza, wanasema kimebinafsishwa. Wenzetu wengi wamepunguzwa, nami nimo, kikundi cha utamaduni kimefutwa, na nguo zetu zote za maigizo zilifungiwa stoo, sijui ufunguo anao nani. Ule ukumbi wetu mwenye mali mpya kaupangisha kwa watu wa mitumba. Marobota yamepangwa mpaka pale ulipokuwa unasimama. Nilichungulia mlangoni nikaona koti la Ulaya limening'inia kwenye msumari wangu, ule niliokuwa natundikia shela yako. Kiwanda cha kufuma nguo, mwenzangu, kimekuwa ghala la nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Nilijua wewe ungecheka. Mimi nilishindwa, nikaenda kuuza uji wangu.

Sasa nifike kwenye video.

Onyesho letu la mwisho, lile la Bibi Harusi, wewe ndiye uliyemwita Selemani wa Mabatini aje na kamera yake ya kupigia harusi. Mimi nilipinga. Nilisema ile taa itamchoma mtu, waya utamkwaza mtoto, kamera itatuangukia. Ukaniambia, "Mama Wasiwasi, siku tumekufa wote, watajuaje kwamba tulikuwepo?" Ulikuwa umeanza kukohoa. Nikanyamaza, nikaendelea kukubana shela kwa pini. Ile shela niliishona kwa chandarua, nawe ukasema unanuka mbu.

Halafu ukalala, halafu ukaenda, na kanda nikaifuata peke yangu pale dukani kwa Selemani. Akanikalisha kwenye kiti, akaniwashia, anatabasamu kabisa. Resti, aliitengeneza kama harusi! Yeye siku ile alikuwa nyuma ya jicho la kamera, hakusikiliza, aliona bibi harusi, akaona mawifi, akaona vigelegele, akarudi nyumbani kufanya kazi anayoijua. Mwanzo yanatokea maandishi ya rangi ya waridi, Harusi ya Restituta. Kwenye kona maua yanafunguka na kujifunga. Mioyo miwili inapita juu ya kichwa cha mama mkwe akiwa katikati ya kukutukana. Na muziki! Kaondoa kuimba kwenu kote, kapachika bendi ya Dar es Salaam mwanzo mpaka mwisho. "Mama, zile kelele za ngoma nimekutolea," ananiambia. "Nimekuwekea muziki safi. Jina la bwana harusi tu ndilo sikulipata." Nikamuuliza kanda yenyewe ya kwanza iko wapi. Kumbe alishapiga juu yake harusi ya watu wa Mirongo, kwa vile kanda ni ghali na ndivyo wanavyofanya wote.

Kwa hiyo ndivyo nilivyokuona mara ya kwanza tangu tukufukie. Unafungua mdomo, linatoka gitaa.

Nililia pale dukani mpaka Selemani akaogopa, akaniletea soda. Nilipomweleza kwamba ile haikuwa harusi, kwamba ule ulikuwa mchezo wa kuimba na wewe umeshakufa, akashika kichwa. Siyo mtu mbaya. Aliomba radhi mara nyingi, akasema angekuwa na sauti angeirudisha, lakini sauti ataitoa wapi. Soda ilikuwa bado haijaisha nikakumbuka redio yangu.

Unaikumbuka ile redio ya kaseti, mkono wake umefungwa kwa mpira? Siku ile niliipakata nyuma ya pazia, nimebonyeza kurekodi, kwa sababu kamera sikuiamini. Ulinicheka kwamba nimekuja na mtoto wa kambo. Basi huyo mtoto wa kambo ndiye aliyekuweka. Nilikimbia nyumbani Mkuyuni, nikaikuta kaseti kwenye kopo la unga, nikaweka. Kwanza inasikika sauti yangu mwenyewe, eti, "Yesu wangu, asijikwae," halafu Kabula anapiga chafya, halafu wewe. Wewe mwenyewe, mbichi kabisa, na ngoma zako.

Nikarudi kwa Selemani nikamwambia zima bendi yako. Akapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, mimi nikaweka redio juu yake, nikabonyeza. Mara ya kwanza ulikuwa unaimba kabla hujatokea. Mara ya pili mama mkwe alikuwa na sauti yako na wewe una sauti yake, tukacheka mpaka tukakaa chini. Tuliendelea siku nyingi, kila nikimaliza uji. Ila sasa nimeshika. Mguu wako ukitokea tu kwenye pazia, ule wa kushoto, nabonyeza. Betri zikiwa mpya kaseti inakimbia, inabidi niishike kwa kidole nikusubiri. Betri zikichoka unakuwa na sauti nzito kama Deusi. Selemani anakaa kwenye deki ya video, mimi kwenye redio, akikusimamisha nami nakusimamisha. Tunakupeleka hivyo, kama watu wawili waliobeba kabati kwenye ngazi.

Ana kibanda chake cha video nyuma ya duka, kile cha filamu za kareti. Aliniuliza kwa nini tusiwaite wanawake wenzako Jumamosi mchana, kabla vijana hawajaja na kareti zao. Wakaja. Wiki iliyofuata wakaja na wenzao wa sokoni Mkuyuni ambao hawajawahi kukuona hata siku moja. Watu wanakaa kwenye mabenchi wanakuangalia ukiwa umeinama chini ya shela, mawifi wanakuimbia makosa yako, kwamba umetoka kisiwani hujui kupalilia pamba, kwamba unakula sana, kwamba sato umemkaanga na magamba yake. Wanawake wanasonya, wanawajibu mawifi kama vile wako hapo. Ukumbi wetu wamejaza mitumba, lakini watazamaji, Resti, watazamaji hawakuuzwa na kiwanda.

Na kaseti wakaanza kuiomba. Selemani ana redio yenye matundu mawili, ya kunakilia. Moja imekwenda Magu na mama mmoja wa dagaa, nyingine Sengerema, nyingine zimevuka maji na wavuvi. Siku hizi unafika mahali ambapo lori la kiwanda lilikuwa halitupeleki.

Lakini kuna pale katikati. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Unajua jinsi mchezo unavyokwenda. Mawifi wakimaliza kutukana, ngoma inakatika, wewe unainua shela, na bibi harusi ambaye hapaswi kusema neno anajibu. Na jibu lako lilikuwa halirudiwi. Kila onyesho ulileta jipya, ulilolipika asubuhi hiyo kutokana na msimamizi wa zamu au sukari iliyokosekana au meneja aliyekaa mstari wa mbele na tumbo lake. Basi kwenye kaseti, ngoma inakatika, unavuta pumzi, halafu tak! Upande umeisha. Ile kaseti ilikuwa na nusu saa upande mmoja, sikuitengeneza mimi. Nilipomaliza kuigeuza gizani mle nyuma ya pazia watu walikuwa tayari wanacheka na kupiga vigelegele. Upande wa pili unaanza na kicheko hicho. Kwenye video naona mdomo wako unaimba, naona kidole chako kinanyooka, lakini ulichosema hakipo.

Nimewauliza wenzako. Mmoja anasema ulimjibu mama mkwe kuhusu chumvi. Mwingine anaapa ilikuwa kuhusu msimamizi. Kila mmoja anakumbuka onyesho lake. Na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa napigana na mashine.

Jumamosi za mwanzo pale tulikuwa tunakaa kimya. Unaimba bila sauti, tunakutazama, halafu kicheko kinatoka, nasi hatujui wanacheka nini. Ilikuwa inaniuma kuliko bendi. Mpaka siku moja mama mmoja anayeuza dagaa, shela inapanda tu, akasimama kwenye benchi akaimba kwa ule ule mdundo:

*Mnasema nala sana, enyi mawifi wa hapa,*
*mbona chungu mwakificha, hata sahani sijapata?*

Na kicheko cha kaseti kikatoka hapo hapo, kana kwamba watu wa siku ile wamemsikia yeye. Resti, kibanda kilitaka kuanguka. Tangu hapo pale pana wenyewe. Kila Jumamosi anasimama mwingine na jibu lake, kwa mawifi wake, kwa mume wake, kwa mgambo wa soko. Wanagombania zamu tangu asubuhi. Selemani alitaka kupaziba, amtafute mwimbaji arekodi maneno yoyote pajae. Nikamwambia akikigusa hicho kimya nitamwagia deki yake uji.

Sasa kaka yako.

Alikuja mwezi uliopita, Jumamosi, katikati ya mchezo. Nilimtambua kwa mabega, mabega yenu ni yale yale. Alisimama mlangoni akasema nimpe kaseti. Akasema alikuwa kambini kwa wavuvi akipima samaki, akasikia dada yake anacheka ndani ya kibanda cha nyasi. "Mtu amelala, Mama Kabula, ninyi mnamwita," akasema. "Mnamwita kwenye banda la kareti." Na sauti yake ilikatika hapo kwenye kareti. Sikatai kwamba ana uchungu. Niliuona.

Lakini mimi kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, maana mawifi wanaimba na nikiachia tu unapotea. Nikamwambia, "Kaka, kaa kwanza. Tutaongea ikiisha." Akasema hakai. Na umeme ukakatika.

Huu mgao wa umeme haujaisha, usifikiri. Picha ikafa, kibanda kikawa giza tupu pale mchana. Deusi akasema, "Mnaona? Hata yeye hataki." Na wanawake wengine wakaguna, kwa sababu neno kama hilo gizani linaingia mwilini. Lakini redio yangu, Resti, inatumia betri. Mawifi wakaendelea kutukana. Hakuna mtu aliyesogea. Ukasikika ukitembea na njuga zako. Ngoma ikakatika. Ukavuta pumzi. Tak.

Zamu ilikuwa ya mama mmoja wa nyanya, na hakuthubutu, kaka mtu yuko pale mlangoni.  Nikawaza nimwambie Deusi achukue tu, yaishe, mimi ni mtu wa kubana pini, siyo mwimbaji, moyo wangu unanijua. Halafu nikakumbuka zile ngoma zimefungwa kwenye kanga, kwenye migomba ya kwenu. Nikasikia mtu anaimba, sauti inayumba kama mlevi, nikajua ni mimi.

*Mlisema ninyamaze, nikanyamaza nikazikwa.*
*Nimerudi kwa betri nne, nani sasa atanizima?*

Kicheko sikukisubiri kwenye kaseti, nilikipata kwenye mabenchi. Walinipigia vigelegele mpaka nikaona haya. Nikageuza upande kwa kupapasa.

Deusi akasubiri watulie. Akasema, "Yeye hakuimba hivyo."

Nikamwambia, "Basi kaka, tuimbie wewe alivyoimba."

Hakuweza. Unajua kwa nini. Kile kiti cha mstari wa mbele ulichokuwa unaniamuru nikitandike kitenge chako cha bluu kila onyesho, ukisema leo Deusi atakuja, mimi ndiye niliyekuwa nakitandika, na mimi ndiye niliyekuwa nakitandua hakijakaliwa. Sikumwambia hayo mbele ya watu. Sikuhitaji. Umeme uliporudi alikuwa bado amesimama pale pale, wewe kwenye kioo cha televisheni shela iko juu, unacheka, na ule moyo wa Selemani unapita juu ya kichwa chako. Akakutazama mpaka ulipotoka. Mlangoni akaniambia atarudi kuchukua kaseti. Nikamwambia karibu, Jumamosi, saa nane, wahi nafasi.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuhamisha kutoka kopo la unga mpaka kopo la chumvi mpaka chini ya godoro la Kabula. Jumamosi ikafika, na aliyekuja siyo yeye. Alikuja wifi yako, mkewe Deusi, Mama Masatu, yule mpole aliyekuwa anatugawia chai msibani bila kuinua macho. Nikajua ametumwa. Akakaa mbele kabisa, kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, anatazama kimya. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hata akipiga magoti simpi.

Shela ikapanda. Tak. Na Mama Masatu akasimama, Resti, yule yule, akateremsha kanga mabegani akaimba:

*Mume wangu akataza wimbo wa dada kupigwa,*
*mbona yeye kwenye nyavu huuimba akijificha?*

Nilisahau kugeuza kaseti. Ilibidi Selemani anipige bega. Mama Masatu alipomaliza kufuta machozi ya kucheka alinieleza kwamba mumewe anakuimba alfajiri akitengeneza nyavu, ule wa kuingilia jukwaani, kimya kimya, na mtu akitokea anajifanya kukohoa. Ameupata wapi, hasemi. Nikampa wifi yako nakala, ameificha kwenye mfuko wa unga akarudi nayo kisiwani. Kwa hiyo na nyumbani kwenu umo, kwa mlango wa jikoni.

Deusi hajaja tena. Anaweza kuja. Sijui akija atakuja kufanya nini, na sitakuandikia kwamba tumepatana, hatujapatana. Ila kila Jumamosi natandika kiti mstari wa mbele, kitenge ni kile kile cha bluu, nilikitoa kwenye nguo za kikundi kabla hawajazifungia. Watu wananiuliza hapo anakaa nani. Nawaambia yuko njiani.

Ninakuahidi hivi. Vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikiwepo mtu anaweza kurekodi juu yake, nimevivunja kwa kisu cha jikoni, na cha kwenye kanda ya video Selemani amekivunja mbele ya macho yangu. Hakuna harusi ya mtu itakayopigwa juu yako tena. Wakiuza na kibanda hiki tutahamia uani kwangu. Mashine ikifa nitaimba na hii sauti yangu ya kuyumba, na unajua jinsi ninavyoogopa. Na lile jibu lako sitalitafuta tena kwa watu. Ulilisema, walicheka, lilikuwa la siku ile. Haya ya sasa ni yetu.

Lala sasa, Resti, nimekuchosha. Jumamosi betri ni mpya, kwa hiyo utakimbia kidogo mwanzoni, lakini usiogope, kidole changu kiko pale. Utoe tu mguu wa kushoto.

Mimi wako,
Mama Wasiwasi